Mlango, Bandari na Kupe: Uhakiki wa Istilahi za Kushirikiana Mafaili

UTANGULIZI

Barua nyingi tunazopokea kutoka kwa wasomaji huuliza neno fulani la kigeni laitwaje kwa Kiswahili. Ni chache mno zinazotueleza neno lililokwisha kupewa jina limemfanyia nini mtu aliyelitumia. Kwa sababu hiyo tuliisoma kwa makini barua ya mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ya bara, aliyetuarifu kwamba alikesha usiku kucha akingojea faili moja liingie katika kompyuta yake ya nyumbani, na kwamba chanzo cha kukesha huko, kwa maoni yake, kilikuwa ni neno la Kiswahili.

Mwalimu huyo alitaka kupata kamusi elezo ya Kiswahili iliyotayarishwa isomwe bila ya intaneti, ili aiweke katika kompyuta za shule ambako mawasiliano ni ya kubahatisha. Faili lilikuwa na ukubwa wa gigabaiti 1.4, na lilitolewa bure na kwa halali kwa njia ya kushirikiana mafaili. Mwendo wake ulipokuwa wa kusuasua, mwalimu alifungua kijitabu cha maelekezo kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, alichopewa na kampuni inayomuuzia huduma ya intaneti. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua, na mwendo ukazidi kuwa mbaya. Kijitabu chenyewe alikiambatanisha na barua, nasi tumekisoma chote.

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki istilahi za kijitabu hicho. Hatutaitaja kampuni wala mfasiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si ya kijitabu kimoja. Yamo katika tafsiri nyingi za fani hii. Aidha, hatuna budi kukiri mapema kwamba baadhi ya lawama zinatuangukia sisi wenyewe tunaotunga na kukusanya istilahi. Tumezoea kutoa orodha ya maneno bila ya kutoa fasili zake, na mfasiri anayepewa neno tupu hulitumia kama mtu aliyepewa ufunguo bila ya kuonyeshwa nyumba.

1. JAMBO LENYEWE

Istilahi haiwezi kupimwa kabla ya kulielewa jambo linaloitwa kwa istilahi hiyo. Kwa hiyo tuanze na jambo lenyewe kwa ufupi.

Katika utaratibu wa kawaida, faili hukaa katika kompyuta moja kubwa, na kila anayelihitaji hulichota hapo. Watu wakiwa wengi, chanzo huelemewa. Katika utaratibu wa kushirikiana mafaili, ambao mfano wake ulioenea zaidi ni BitTorrent uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, faili hukatwa vipande vingi vidogo. Kila kompyuta iliyopata kipande hukitoa kwa wenzake, huku ikipokea kutoka kwao vipande isivyokuwa navyo. Hakuna chanzo kimoja. Kila mpokeaji ni mtoaji pia. Vipande vyaweza kuja kwa mpangilio wowote na kutoka kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja, na mwishoni programu huviunga vikawa faili zima. Haba na haba hujaza kibaba.

Utaratibu huu una sheria ambayo Mswahili hahitaji kufundishwa: mkono mtupu haulambwi. Katika mpango wa awali wa BitTorrent, kila baada ya sekunde 10 programu hutazama ni nani kati ya wenzake anayeipa kwa wingi, nayo huwapa hao kwanza. Ili mgeni asiye na kitu asifungiwe nje moja kwa moja, nafasi moja huachwa ya bahati, nayo hubadilishwa kila baada ya sekunde 30. Kwa maneno mengine, mwendo wa kupokea wategemea sana mwendo wa kutoa.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwamba mtu anayelalamika juu ya uzito wa kupokea faili ana mambo kadhaa ya kuchunguza. Je, njia aliyouziwa ina uwezo gani hasa? Je, wako wenye nakala kamili ya faili analolitaka? Je, kutoa kwake kumejaza njia, au kumezuiwa kabisa? Je, wenzake wanaweza kuifikia kompyuta yake kutoka nje? Je, tatizo limo nyumbani, au liko kwa mtoa huduma, au mbali zaidi? Kila swali katika hayo linabebwa na istilahi moja au mbili. Istilahi ikipotoka, swali halijibiki.

2. BITI NA BAITI

Kosa la kwanza la kijitabu ni kutumia kifupisho kimoja, MB, kwa vitu viwili. Mwalimu aliuziwa huduma ya megabiti 8 kwa sekunde. Kijitabu kimeandika MB 8. Faili nalo lilikuwa la megabaiti 1,400 kwa hesabu ya makumi. Mwalimu akagawa 1,400 kwa 8, akapata sekunde 175, yaani kiasi cha dakika tatu. Ilipofika dakika ya ishirini faili likiwa bado linaingia, alikwisha kuamini kwamba ameibiwa.

Hakuibiwa. Baiti moja ni biti 8. Njia ya megabiti 8 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1 kwa sekunde, tena pasipo kuhesabu ubani wa safari, yaani anwani na alama nyingine zinazofungwa pamoja na kila pakiti. Kwa hiyo faili la megabaiti 1,400 lahitaji sekunde 1,400, nazo ni dakika 23 na sekunde 20 kwa uchache. Mwendo aliouona mwalimu katika saa ile ya kwanza ulikaribia kuwa sawasawa kabisa. Hapakuwa na maradhi. Palikuwa na kipimo kilichosomwa vibaya.

Utohozi wa maneno haya mawili hauna dosari: biti na baiti yanatamkika na yamezoeleka. Lakini yanafanana mno, na vifupisho vyake vinatofautiana kwa herufi ndogo na kubwa tu: Mb kwa megabiti, MB kwa megabaiti. Tofauti ya namna hiyo hupotea mikononi mwa mpiga chapa aliyechoka. Tunawashauri wafasiri waandike maneno hayo kwa ukamilifu katika maandishi yote yanayomhusu mnunuzi: mikataba, matangazo ya bei na vijitabu vya maelekezo. Nafasi inayopotea katika ukurasa ni ndogo kuliko ugomvi unaoepukwa.

Katika ukurasa huohuo kijitabu kinatumia istilahi "kipimo data", ambayo imeenea katika programu kadhaa zilizotafsiriwa. Hatuiafiki. Neno kipimo latarajiwa kutaja kitu kinachopimia, kama vile ratili au mita, ilhali hapa linataja kitu kinachopimwa. Tena halina dokezo lolote la wakati: msomaji hudhani ni jumla ya data aliyouziwa kwa mwezi, kumbe ni wingi wa data unaoweza kupita kwa sekunde moja. Mwalimu wetu alidhani hivyo. Istilahi "uwezo wa njia" yaeleza jambo lenyewe bila ya kuhitaji mkalimani. Na pale panapotakiwa kutaja muda ambao pakiti moja hutumia kwenda na kurudi, tusiseme "kasi" tena, bali "muda wa safari". Barabara pana na safari fupi ni mambo mawili mbalimbali.

3. KUPAKIA NA KUPAKUA

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko ya mwalimu.

Tuanze kwa kusifu. Kupakua, kwa maana ya kuleta faili kutoka mtandaoni hadi kwenye kompyuta yako, ni miongoni mwa istilahi zilizofanikiwa mno katika fani hii. Haikuundwa ofisini, ilichukuliwa kutoka bandarini na jikoni. Shehena hupakiwa chomboni na hupakuliwa nchi kavu. Wali hupakuliwa kutoka chunguni na kutiwa sahanini. Katika hali zote mbili kitu hutoka palipo na wingi kikamfikia anayekihitaji. Kiambishi cha kutendua kinafanya kazi yake kama kinavyofanya katika kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua. Mzee asiyewahi kugusa kompyuta akiambiwa "pakua", hufahamu kwamba kuna kitu kinakuja.

Hata hivyo, uzuri huo una gharama. Kupakia na kupakua yanatofautiana kwa irabu moja tu, na maana zake ni kinyume. Katika maongezi sauti husaidia. Katika maandishi kosa la chapa moja hugeuza agizo likawa kinyume chake, na sentensi hubaki sahihi kisarufi. Hakuna msahihishaji atakayelinasa kama hajui jambo lenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Huduma ya mwalimu, kama zilivyo nyingi za majumbani, si sawa pande zote mbili: megabiti 8 za kupakua, na kilobiti 512 tu za kupakia. Kilobiti 512 ni kilobaiti 64. Wajuzi wa mambo haya hushauri kwamba programu ya kushirikiana mafaili isiachwe kuijaza njia ya kupakia. Iwekewe mpaka wa kiasi cha nne ya tano ya uwezo wake, yaani kama kilobaiti 50 kwa sekunde. Sababu yake ni nyepesi kuieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa tunalo neno la kale la biashara: stakabadhi. Kila shehena ya pakiti inayoingia, kompyuta yako hutuma stakabadhi ya kupokea. Mpelekaji asipopata stakabadhi hudhani mzigo umepotea, naye hupunguza mwendo na kurudia kupeleka. Stakabadhi hupita katika njia ya kupakia. Njia hiyo ikijaa vipande unavyowapa wenzako, stakabadhi hukwama nyuma ya foleni, na kupakua kunazorota ijapokuwa njia ya kupakua ni nyeupe. Programu nyingi za siku hizi zina utaratibu wa kujipunguza zenyewe zinapoona foleni inarefuka, lakini si zote, na si kila mara utaratibu huo huwa umewashwa.

Kijitabu kilikusudia kutoa ushauri huo. Lakini badala ya kupakia kilichapa kupakua. Mwalimu, kwa utiifu, akaweka mpaka wa kilobaiti 50 kwa sekunde katika kupakua. Kwa mwendo huo faili la megabaiti 1,400 lahitaji sekunde 28,000, ambazo ni saa 7 na dakika 46. Hesabu yake ya kukesha ilikuwa sahihi karibu kwa dakika.

Je, tufanye nini? Wako watakaosema tuyaache maneno haya mawili na kutafuta mengine. Sisi hatuoni hivyo. Neno lililokwisha kukubaliwa na watu halifutwi kwa waraka. Tunachopendekeza ni kanuni ya uandishi: katika maelekezo yoyote ambamo kupakia na kupakua yanakutana, mwandishi ataje na upande. Aseme "kupakia kwenda kwa wenzako" na "kupakua kuja kwako". Maneno mawili ya ziada yangemwokoa mwalimu usiku mzima, kwa kuwa hata chapa ingekosewa, sentensi ingejisuta yenyewe: hakuna anayepakua kwenda kwa wenzake.

4. KISAMBAZAJI: JINA MOJA, VITU VITATU

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja iwe na dhana moja. Kijitabu kimeivunja kanuni hii kwa neno kisambazaji. Katika ukurasa mmoja kisambazaji ni kile chombo kinachoelekeza pakiti kati ya nyumba na mtandao wa nje. Katika ukurasa mwingine ni chombo kinachotoa mawimbi ya Wi-Fi. Katika ukurasa wa tatu ni mtu mwenye nakala kamili ya faili anayewagawia wengine. Kwa hiyo msomaji anapoambiwa kwamba uzito husababishwa na uchache wa visambazaji, atafanya nini? Mwalimu alitaka kununua cha pili.

Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi vyombo viwili vya kwanza vimo katika kasha moja. Lakini maradhi yake ni mbalimbali. Chombo cha mawimbi huathiriwa na kuta, umbali na majirani. Katika masafa ya gigahezi 2.4 idhaa zilizopo huingiliana, na zile zinazoweza kutumika pamoja bila ya kugongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Nyumba kumi za jirani zikitumia idhaa moja, zitangojeana zamu kama watu kumi kwenye bomba moja. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: unganisha kompyuta kwa waya, kisha upime tena. Mwendo ukipona, lawama ni ya mawimbi. Usipopona, tazama kwingine. Jaribio hilo haliwezi hata kuelezwa ikiwa waya, mawimbi na watu wote wanaitwa kwa neno moja.

Twapendekeza chombo cha kuelekeza pakiti kiitwe ruta, kwa kutohoa kama watu wanavyosema tayari. Cha pili kiitwe kituo cha mawimbi. Mtu wa tatu si chombo. Tutamrudia katika sehemu ya sita.

5. BANDARI, GATI AU MLANGO

Kompyuta moja huweza kuzungumza na wengine wengi kwa wakati mmoja. Ili mazungumzo yasichanganyike, kila mazungumzo hupewa namba, kuanzia 0 hadi 65,535. Programu za BitTorrent kwa desturi ya awali zilitumia namba 6881 hadi 6889. Kitu hicho chenye namba, kijitabu kimekiita bandari, na kumwagiza mwalimu afungue bandari katika ruta yake.

Mfasiri alifuata kamusi, wala hakukosea kusoma, alikosea kuchagua. Kwa haki, lazima tuipime hoja inayoweza kumtetea. Madhali tumekwisha kukubali kupakia na kupakua, ambayo ni maneno ya bandarini, kwa nini tusikubali na bandari yenyewe? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa istilahi za fani moja hupendeza zikitoka katika taswira moja. Lakini ikiwa tutaishikilia taswira hiyo, basi bandari ni kompyuta nzima, kwani ndiyo yenye anwani moja. Sehemu zenye namba ndani ya bandari huitwa gati. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa husema meli imefunga gati namba fulani, wala hasemi imefunga bandari namba fulani.

Tulilipenda neno gati, na tulilijadili kwa muda mrefu. Hatimaye tuliliacha kwa sababu mbili. Kwanza, kitu kinachozungumzwa hufunguliwa na kufungwa, na gati halifunguliwi. Pili, msomaji wa Tabora hana sababu ya kulijua. Mlango unajulikana na kila mtu: una namba, hufunguliwa, hufungwa, na aliye nje hugonga. Twapendekeza mlango. Na lile tundu la kuchomekea waya nyuma ya ruta liitwe tundu, lisiitwe bandari wala mlango, kwa kuwa mfasiri wetu aliliita bandari nalo, na mwalimu akatumia robo saa akitafuta kifuniko cha kufungua.

Neno mlango pia linarahisisha kueleza sababu ya zoezi lenyewe. Ndani ya nyumba kompyuta hupewa anwani za ndani, mara nyingi zinazoanza na 192.168, ambazo hazijulikani nje. Ruta hubisha hodi kwa niaba yao. Mtu wa ndani akitoka, majibu yake hurudishwa. Lakini mtu wa nje akija bila ya kualikwa, ruta haijui ampeleke kwa nani, humwacha barazani. Kwa hiyo mwalimu angeweza kuwaendea wenzake, ila wao wasingeweza kumwendea, na wale ambao nao wamefungiwa vivyo hivyo wasingekutana naye kwa urahisi. Kumfungulia mlango mmoja wenye namba inayotumiwa na programu, na kuelekeza mlango huo kwenye kompyuta yake, huongeza idadi ya wenzake.

Lakini kuna hali ambayo kufungua mlango hakusaidii, na kijitabu hakikuitaja. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu, nazo zimeadimika. Kwa hiyo watoa huduma wengi huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya nje. Mwaka 2012 ulitengwa mkupuo wa anwani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Mteja akiona ruta yake imepewa anwani ya mkupuo huo upande wa nje, ajue kwamba amefungua mlango wa chumba ilhali lango la ua limefungwa na mwingine. Hali hii twaiita anwani ya pamoja, na mteja anayo haki ya kuambiwa anapouziwa huduma.

Tuseme neno moja juu ya "ukuta wa moto". Waashi huujenga ukuta wa namna hiyo ili moto usivuke kutoka chumba hadi chumba. Tafsiri iliyopo imeufanya ukuta uwake. Ukuta wa kinga, au ukinga kwa mkato wa wataalamu, wautaja vizuri zaidi.

6. RIKA NA KUPE

Katika kila programu ya kushirikiana mafaili kuna orodha ya watu wanaohusika na faili. Kijitabu kimewaita rika. Rika kwa Kiswahili ni umri, au kundi la watu waliozaliwa au kupelekwa jandoni wakati mmoja. Watu wanaobadilishana vipande vya faili wanaweza kuwa babu na mjukuu. Wanachoshirikiana ni kazi, wala si umri. Neno lililo karibu mno ni mshirika, nalo lina nasaba njema na ushirika, ambamo kila mmoja hutoa na kila mmoja hupata.

Washirika ni wa namna mbili: wale waliokwisha kupata faili zima na wanaendelea kuwagawia wengine, na wale ambao bado hawajakamilisha. Wa kwanza kijitabu kiliwaita visambazaji, kama tulivyoona. Wa pili kiliwaita kupe.

Tunafahamu asili ya tafsiri hii. Lugha ya asili imetumia jina la mdudu anayenyonya damu, na mfasiri akatafuta mdudu wa kwetu. Lakini Kiswahili cha Tanzania kimelibebesha neno kupe mzigo mzito. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe alikuwa mtu anayeishi kwa jasho la wengine kwa makusudi. Mwalimu aliyekuwa amengoja saa nne, huku akitoa kila kipande alichokipata, aliambiwa na kijitabu kwamba yeye ni kupe. Katika barua yake, ya mwendo ameyaeleza kwa upole; ya kupe ameyaeleza kwa hasira, nasi twamuunga mkono.

Zaidi ya adabu, kuna hoja ya usahihi. Katika orodha ya programu neno hilo halihukumu mtu. Lasema tu kwamba hajakamilisha. Anayechukua bila ya kutoa ni mwingine, na utaratibu wenyewe wa nipe nikupe humwadhibu. Kwa hiyo twapendekeza mshirika kamili kwa aliye na faili zima, na mshirika mpokeaji kwa ambaye bado. Kupe abaki kwa ng'ombe, na kwa anayestahili.

Istilahi hizi zikiwa wazi, sababu mojawapo kubwa ya uzito hujieleza. Faili lisilo na mshirika kamili hata mmoja laweza lisikamilike milele, hata ruta iwe mpya na njia iwe pana kama Mto Rufiji. Jambo la kwanza la kutazama ni hesabu ya washirika kamili. Kijitabu kiliiweka hatua hii ya mwisho.

7. KUBANA NA KUSONGAMANA

Tumeiacha kwa mwisho istilahi inayowahusu zaidi watumishi wa serikali na watunga mikataba. Kijitabu kinasema kwamba nyakati fulani "kasi hupungua". Inapunguzwa na nani?

Njia inaweza kuwa nzito kwa sababu watu ni wengi jioni. Inaweza kuwa nzito kwa sababu ya ajali, kama ilivyokuwa mwezi Mei 2024, ambapo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu upande wa kusini, na watumiaji wa Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki wakaathirika. Hali hiyo ni msongamano: mzigo umezidi njia iliyopo. Lakini inaweza pia kuwa nzito kwa sababu mtoa huduma ameamua kuzuia aina fulani ya matumizi. Hali hiyo ni kubana, nayo ina mtendaji.

Tofauti hii si ya wanasarufi tu. Nchini Marekani, mwaka 2007, iligunduliwa kwamba kampuni ya Comcast ilikuwa ikiyakatisha mazungumzo ya BitTorrent ya wateja wake kwa kupenyeza pakiti bandia za kukata mawasiliano, kila upande ukidhani kwamba mwenzake ndiye aliyekata. Agosti 2008 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo iliamua kwamba kitendo hicho hakikufaa. Aprili 2010 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka iliyodai. Shauri zima lilizunguka swali moja: je, huu ni usimamizi wa msongamano, au ni kubana?

Lau mkataba wa mteja wa Kiswahili ungeandikwa kwa kitenzi "kupungua" peke yake, swali hilo lisingeweza kuulizwa. Kauli ya kutendeka humficha mtendaji. Mwenye kutafsiri mikataba na kanuni hana budi kuandika "mtoa huduma aweza kubana matumizi" pale anapobana, na "msongamano waweza kutokea" pale unapotokea. Hapa istilahi ni haki ya raia.

HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Tunayaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo, pamoja na fasili zake:

Uwezo wa njia: wingi wa data unaoweza kupita katika njia kwa sekunde moja.
Muda wa safari: muda ambao pakiti hutumia kwenda na kurudi.
Stakabadhi: pakiti inayothibitisha kupokewa kwa data.
Ruta: chombo kinachoelekeza pakiti kati ya mitandao.
Kituo cha mawimbi: chombo kinachounganisha kompyuta na mtandao bila ya waya.
Mlango: namba inayotenganisha mazungumzo mbalimbali ya kompyuta moja.
Tundu: mahali pa kuchomekea waya.
Ukuta wa kinga: programu au chombo kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka.
Anwani ya pamoja: anwani moja ya nje inayotumiwa na wateja kadhaa wa mtoa huduma.
Mshirika: kompyuta yoyote inayobadilishana vipande vya faili na nyingine.
Mshirika kamili: mshirika aliye na faili zima.
Mshirika mpokeaji: mshirika ambaye bado hajakamilisha faili.
Kubana: kitendo cha makusudi cha kupunguza mwendo wa matumizi fulani.
Msongamano: hali ya mzigo kuzidi uwezo wa njia.

Hatudai kwamba istilahi hizi ni za mwisho. Tunaomba walimu wazijaribu darasani, wafasiri wazijaribu kazini, na watuandikie pale zinapokwama. Tunaomba pia kwamba kila kijitabu cha maelekezo, kabla ya kuchapishwa, kisomwe na mtu mmoja asiyejua lugha ya asili, akiwa ameketi mbele ya chombo chenyewe, akifanya kila anachoambiwa. Jaribio hilo halina gharama, na lingegundua kosa la irabu moja katika robo ya saa.

Mwalimu wetu tulimjibu kwa barua. Tulimwomba auondoe mpaka katika kupakua, auweke katika kupakia, na ahesabu washirika kamili kabla ya kuilaumu ruta. Alituarifu baadaye kwamba faili liliingia kabla ya chakula cha jioni kuiva, na kwamba kamusi elezo sasa imo katika kompyuta za shule. Aliongeza kwamba ameiacha programu yake ikiwa wazi nyakati za usiku, ili shule nyingine nazo zipate. Hakutuambia sasa anajiita nani katika orodha ile. Sisi twamwita mshirika kamili.